Mikono ya Mkokoteni

Mwaka 1871, siku chache baada ya msafara wa Henry Morton Stanley kuondoka Bagamoyo, mkuu wa kijiji cha Kingaru alidai alipwe doti mbili za merikani kwa sababu farasi alikuwa amezikwa kwenye ardhi yake bila ruhusa. Farasi huyo alikuwa wa kijivu, zawadi ya Seyyid Barghash wa Zanzibar kwa mwandishi wa gazeti aliyekuwa akienda bara kumtafuta David Livingstone. Stanley akamuuliza mkuu ana askari wangapi. Akajibiwa kwamba hana. Basi akaamuru kaburi lifukuliwe na mzoga urudishwe palepale ulipoangukia, uoze mbele ya kijiji. Mkuu akaona heri yaishe. Farasi akabaki ardhini, doti zikabaki mzigoni, na haikuchukua muda farasi wa pili naye akafa.

Stanley anaisimulia habari hii kitabuni mwake kama kichekesho. Mimi kila nikiisoma namwonea huruma mkuu wa Kingaru. Mgeni amekuja na mnyama ambaye nchi ile haimtaki, mnyama amekufa, na harufu imebaki kwa mwenyeji.

Msafara ule ulikuwa na farasi 2, punda 27, na kikokoteni kimoja. Kikokoteni hicho kiliundwa kwa vipimo vya njia za miguu, upana wa inchi 18 na urefu wa futi 5, ili kipite anapopita mbuzi. Stanley alikuja kugundua kwamba hakikuwa na faida yoyote kumshinda punda mwenye mzigo mgongoni, na mwishowe kikatelekezwa porini. Kazi kubwa ilibaki vichwani na mabegani mwa wapagazi.

Nayaandika haya nikiwa Mbezi Luis, nyuma kidogo ya Stendi ya Magufuli, ile iliyofunguliwa Februari 2021 na kuyahamishia huku mabasi ya mikoani. Mzigo ukishuka kwenye basi la Mwanza au la Mpwapwa, lazima uifikie barabara ya Makabe, au Msakuzi, au Malamba Mawili. Wenye haraka huita toyo. Wenye mzigo mwepesi hufunga kwenye bodaboda. Saruji, mabati, viroba vya mkaa na makochi ya anayehama chumba bado hupanda mkokoteni.

Mtazame mkokoteni siku moja kana kwamba hujawahi kuuona. Chini kuna ekseli ya gari chakavu na matairi mawili. Juu kuna mbao. Mbele kuna mikono miwili mirefu ya chuma au mbao, na baina ya mikono hiyo kuna nafasi. Umbo hilo lilibuniwa zamani sana, mbali na hapa, kwa ajili ya mnyama: mikono inapita ubavuni, mikanda inashika kifua, kwato zinasukuma ardhi. Hapa Mbezi nafasi hiyo ina mtu. Kupanda anainama mpaka kifua chake kinakaribia lami. Kushuka anajiegemeza nyuma, visigino ndiyo breki. Sijawahi kumwona mnyama akiwa ndani ya mikono hiyo hapa, na kwa miaka mingi sikuwahi kujiuliza kwa nini.

Si kwamba pwani hii haikumjua farasi. Jina lenyewe tulilipata kutoka Kiarabu, kama tulivyolipata gari kutoka Kihindi. Masultani wa Zanzibar walikuwa na mazizi, na magari ya kukokotwa na farasi yalipita barabara za mjini. Punda wakubwa weupe waliletwa kwa jahazi kutoka Maskati, na mtu aliyempanda mmoja wao alijulikana kuwa mwenye uwezo. Lakini hayo yalikuwa mambo ya kisiwani na ya ikulu. Ukivuka bahari na kuingia bara siku tatu, habari inabadilika.

Inabadilishwa na mbung'o, ambaye wengi wetu tunamwita ndorobo. Ni nzi wa kahawia, mkubwa kidogo kuliko wa nyumbani, anayezikunja mbawa zake moja juu ya nyingine kama mkasi uliofungwa. Anapenda kivuli cha vichaka. Anaishi kwa damu, dume na jike, na anapouma huacha vimelea ambavyo kwa binadamu huleta malale na kwa mifugo huleta nagana: homa, kukonda, macho kulia, miguu ya nyuma kulegea, kifo. Wenyeji walijua kwamba nzi huyo anaua mifugo muda mrefu kabla ya sayansi. Daktari David Bruce aliuthibitisha uhusiano huo kwa hadubini mwaka 1895 huko Zululand. Swala, nyati na pundamilia huishi na vimelea hivyo bila shida kubwa. Ng'ombe huumia. Punda hustahimili zaidi kidogo. Farasi hana kinga ya maana.

Sidai kwamba mbung'o ndiye aliyewaua wale wawili wa Kingaru. Stanley aliwapasua akakuta minyoo tumboni mwa mmoja na uvimbe kwa mwingine, na nchi hii ina njia nyingi za kumuua farasi. Ila aliyefunga mlango wa bara kwa gurudumu, kwa karne nzima, alikuwa nzi.

Wazungu hawakuamini kirahisi. Miaka ya 1870 ilikuwa miaka ya kujaribu, na majaribio yenyewe yananivutia kwa sababu kila moja lilikuwa na akili yake. Mmisionari Roger Price alikuwa amefanya kazi kusini mwa Afrika, ambako gari la ng'ombe lilikuwa nyumba, ghala na kanisa. Mwaka 1876 alichukua ng'ombe wachache akatembea nao kutoka Saadani hadi Mpwapwa, akarudi na habari njema kwamba inawezekana. Mwaka uliofuata Jumuiya ya Misheni ya London ikaja na magari yenyewe na makundi ya ng'ombe. Ng'ombe wakafa. Mmisionari mwingine, Alexander Mackay, alikata barabara kutoka Saadani hadi Mpwapwa kwa shoka na sururu ili magari yapite. Nyasi zikairudia.

Dar es Salaam nayo ilikuwa na barabara yake. Mwaka huohuo wa 1877 William Mackinnon, tajiri wa meli kutoka Scotland, alianza kutoboa njia ya magari kutoka bandarini kuelekea Ziwa Nyasa, ikipita katika nchi ya Wazaramo. Ilifika zaidi ya maili 70 na kuachwa mwaka 1881. Fedha zilikuwa tatizo, na siasa pia, lakini wanyama waliotarajiwa kukokota magari juu yake walikuwa wakifa wakati barabara yenyewe ikijengwa. Hebu fikiria barabara pana na safi, na hakuna wa kupita juu yake isipokuwa watu wenye mizigo kichwani, wakitembea mmoja nyuma ya mwingine kama walivyotembea kwenye kile kinjia cha zamani.

Halafu wakaja tembo. Mfalme Leopold wa Ubelgiji alitoa hoja kwamba kama tembo wa Afrika haugui nagana, basi huenda tembo aliyefundishwa kazi huko India naye hataugua. Mwaka 1879 tembo wanne wa Kihindi walishushwa kutoka melini hapa Msasani, wakaogelea hadi ufukweni, wakafungwa mizigo na kuanza safari ya kwenda Ziwa Tanganyika chini ya Frederick Carter. Mimi hupita Msasani mara kwa mara na bado siwezi kuiamini picha hiyo: wavuvi wamekaa, jua limetoka, na vichwa vinne vya tembo vinakuja kutoka baharini. Nzi hawakuwaua. Waliwashinda mzigo, safari na lishe. Wakafa mmoja baada ya mwingine, na mmoja tu akafika Karema. Carter mwenyewe aliuawa mwaka 1880 akiwa njiani kurudi.

Wajerumani walipoishika nchi walijaribu hata pundamilia. Bronsart von Schellendorff, mwanajeshi aliyegeuka mfugaji, aliwakamata kwa makundi karibu na Kilimanjaro akitaka kuwafundisha kukokota. Wazo halikuwa la kipuuzi: mnyama wa jamii ya farasi, kinga anayo, nchi ni yake. Huko London, Walter Rothschild aliwafunga pundamilia kwenye gari lake na kulipitisha mjini. Nairobi ya mwanzoni, daktari Mgoa aitwaye Rosendo Ribeiro alimpanda pundamilia kwenda kuwatembelea wagonjwa. Lakini kumfunga mmoja kwa maonyesho na kumfanya afanye kazi kila siku ni mambo mawili. Pundamilia hakuwahi kuzaliwa chini ya mkono wa mtu kwa vizazi maelfu kama punda. Ana hofu ya simba ndani ya mifupa, anauma na haachii, na akichoka hamtegei sikio mtu yeyote. Kiswahili kilishamweka mahali pake: punda, lakini mwenye milia.

Basi akabaki mtu. Mpagazi wa karne ya 19 alibeba frasila mbili, kilo 30 na kitu, pamoja na mkeka wake, sufuria na chakula. Wanyamwezi walikuwa mabingwa wa kazi hii, wengi wao kwa hiari na kwa fahari, wakijadiliana mshahara na kugoma walipodhulumiwa. Ni makosa kuwatazama wote kama watumwa. Lakini hesabu ya mwili ni ileile kwa aliyekubali na aliyelazimishwa. Mtu anayebeba kilo 25 za chakula na kula kilo moja kwa siku atakuwa ameumaliza mzigo wake mwenyewe siku ya 25. Akitakiwa kurudi, hawezi kwenda mbali zaidi ya siku 12 akabakiwa na chochote cha kumpa mwingine.

Vita Kuu ya Kwanza iliifanya hesabu hiyo kwa maelfu ya watu. Mwaka 1916 Jenerali Smuts aliingia Afrika Mashariki ya Kijerumani na vikosi vya wapanda farasi kutoka Afrika Kusini, na farasi wakaanguka kwa maelfu, wengine wiki chache tu tangu waanze safari. Nyumbu na punda wakafuata. Magari ya mafuta yalikwama kwenye matope. Jeshi likageukia vijiji. Kwa pande zote za vita, wapagazi walioandikishwa au kukamatwa walizidi milioni moja, na upande wa Waingereza pekee waliokufa walikaribia laki moja, wengi kwa kuhara, nimonia na njaa kuliko risasi. Kikosi kile cha wabeba mizigo kiliitwa kwa Kiingereza Carrier Corps. Kambi yake ya Dar es Salaam ilikuwa kwenye jengo la soko walilolijenga Wajerumani, na midomo ya watu ikaligeuza jina hilo kuwa Kariakoo.

Kila anayeishi mji huu ameshasema neno hilo leo. Jengo la sasa, lile la Beda Amuli lenye paa kama miavuli ya zege, lilifunguliwa mwaka 1975, likaungua Julai 2021, likajengwa upya. Jina halikuungua. Na ukisimama pale saa kumi na moja alfajiri, mikokoteni imejaa mbao kwa mbao, na ndani ya kila mikono miwili kuna mwanamume.

Uingereza hiyohiyo ilikuwa imepita njia hii kinyumenyume. Katika migodi yao ya makaa, wanawake na watoto walikuwa wakikokota mabehewa kwa mikanda kiunoni, wakitambaa kwenye mashimo yasiyozidi kimo cha meza. Sheria ya mwaka 1842 iliwakataza wanawake wote na wavulana wa chini ya miaka 10 kufanya kazi chini ya ardhi, na nafasi nyingi zilizoachwa zikajazwa na farasi wadogo, wengi wao wa visiwa vya Shetland, wafupi vya kutosha kupita mtoto alimopita. Waliishi gizani, wengine kwa miaka mingi. Farasi wa mwisho wa mgodini alistaafishwa huko Wales mwaka 1999. Vitukuu vya wale wafupi sasa hukokota vigari vyepesi Jumapili, huko na Marekani, mara nyingi wakiwa wazee. Wafugaji husema farasi mzee asiyeweza tena kubeba mtu mgongoni bado anaweza kukokota, kwa kuwa uzito umebebwa na magurudumu. Kule mnyama alichukua nafasi ya mtoto. Huku nafasi ya mnyama ilichukuliwa na baba wa mtoto.

Isipokuwa mahali ambapo nzi hakufika. Lamu ni mojawapo. Mji Mkongwe wake una vichochoro ambavyo gari haliwezi kuingia, na punda ndiye anayebeba mchanga, mawe ya matumbawe na mitungi ya gesi. Tangu 1987 kuna zahanati ya punda karibu na bahari, iliyoanzishwa na shirika la Uingereza alilolianzisha Elisabeth Svendsen, ambako wenye punda huwapeleka wakatibiwe bure. Lakini Lamu mzigo hukaa zaidi mgongoni. Kwa punda wa kukokota lazima uende kwenye nchi kavu ya katikati, Dodoma, Singida, Shinyanga, ambako vichaka ni haba na mbung'o hana kivuli.

Upande wa mama yangu ni wa huko. Babu anaishi wilaya ya Mpwapwa, palepale ambapo ng'ombe wa Price walitakiwa kufika. Gari lake ni ekseli ya pikapu yenye mbao juu, na kwa zaidi ya miaka 15 lilikokotwa na punda jike aitwaye Chausiku, aliyezaliwa usiku katika mvua za El Niño za mwaka 1998. Nilianza kufundishwa kumwendesha nikiwa kidato cha pili. Nilipofika kidato cha sita Chausiku alikuwa ameshazeeka, na ilibidi nifundishwe upya.

"Shikamoo Babu," nilimwambia asubuhi moja, nikiwa tayari nimeshika hatamu.

"Marahaba. Umemtembeza?"

"Bado."

"Mtembeze kwanza. Wewe ukiamka unanyanyua gunia?"

Punda mzee viungo vyake hukakamaa usiku, hasa Juni na Julai upepo wa Ugogo unapokata. Hutembezwa mtupu mpaka hatua zake zilingane, ndipo afungwe. Umri wake unausoma mdomoni. Meno yote ya mbele huwa yametoka akitimiza kama miaka mitano, na baada ya hapo unahesabu kwa kuchakaa: uso wa jino unabadilika umbo, na jino lenyewe linaanza kulala kuelekea mbele. Mashimo yaliyo juu ya macho yanadidimia. Ukikuta vibonge vya nyasi zilizotafunwa nusu vimetemwa chini ya hori, magego yamekwisha, na utampa pumba iliyolowekwa la sivyo atakonda akiwa na chakula mbele yake. Babu alimwekea Chausiku pumba kwenye nusu ya dumu la plastiki kila jioni kabla yeye mwenyewe hajala.

Kisha mikanda. Majirani wengi hutumia nira ya ng'ombe, na hapo ndipo vidonda huanza. Ng'ombe ana nundu ya kuizuia nira; punda hana, yeye husukuma kwa kifua. Kwa hiyo Babu alishona mkanda mpana kutoka kwenye tabaka la ndani la tairi, akaufunika kwa vipande vya blanketi. Mkanda ukikaa juu sana unakaba koo. Ukikaa chini sana unazuia bega lisitoke mbele. Kuna upana wa vidole vinne hivi ambao ni sahihi, na unahama kadiri punda anavyokonda na uzee, ndiyo maana ule wa Chausiku ulikuwa na matundu mengi kuliko mkanda wa suruali ya mlevi. Lijamu hakuwahi kuvaa. Aliongozwa kwa kamba ya kichwani na kigwe kimoja, na mara nyingi kwa sauti tu.

Gari la magurudumu mawili lina siri moja ambayo mikokoteni ya Mbezi inaijua pia: mzigo lazima ulale juu ya ekseli. Ukiusogeza mbele, mikono inamkandamiza punda mgongoni. Ukiurudisha nyuma, mikono inainuka na mkanda wa tumboni unambana. Kwa punda kijana kosa dogo husamehewa. Kwa mzee mgongo wake umeshapinda kama kitanda cha kamba, kosa lilelile atalitembea nalo wiki nzima. Na kushuka kilima ni kugumu kuliko kupanda, kwa kuwa gari linamsukuma kwa nyuma. Babu alimwekea mkanda wa kuzunguka makalio, ili alizuie gari kwa kukaa nyuma badala ya kulipokea kwenye visigino. Mkanda huo sijauona kwa jirani yeyote. Ningependa kuuona Mbezi, barabara ya Makabe, saa ambazo kijana mmoja anashusha mifuko 10 ya saruji.

Chausiku katika ubora wake alikokota madumu 12 ya maji. Uzeeni aliwekewa 6, kisha 4. Babu hakumwachisha kazi kabisa. Alisema punda aliyefungwa tu zizini miguu hufa kabla yake.

Mnamo 2016 walikuja wanunuzi. Huko China kuna dawa ya zamani iitwayo ejiao, inayotengenezwa kwa kuchemsha ngozi ya punda mpaka itoe gundi yake, na punda wa China walikuwa wamepungua mno kulisha soko lililokuwa likikua. Basi soko likageukia Afrika. Kenya iliruhusu machinjio manne katika miaka michache. Kwetu yakafunguliwa Dodoma na Shinyanga. Ghafla ngozi ya Chausiku ikawa na bei kubwa kuliko kazi yake, na hilo ni jambo ambalo halijawahi kumpata punda mzee wa Ugogo. Kwa kawaida mzee hana soko. Sasa mzee na kijana walikuwa bei moja, kwa sababu ngozi haiulizwi meno.

Mnunuzi alikuwa na heshima zake. Alikaa kwenye kigoda, akasema, "Mzee, huyu ameshachoka. Tunakupunguzia mzigo."

Babu alimjibu, "Huyu ndiye aliyewasomesha wanangu. Wewe umemsomesha nani?"

Sikulipenda jibu lile wakati ule kama ninavyolipenda sasa, maana nilikuwa naidaiwa ada ya chuo na bei waliyoitaja ilikuwa inakaribia. Babu alijua. Aliuza mbuzi wanne badala yake.

Wengine waliuza, na siwalaumu. Mwaka ule mavuno yalikuwa mabaya. Lakini punda hazai kama mbuzi. Hubeba mimba kwa takriban miezi 12, mtoto mmoja, na huchelewa kuanza. Punda walipokwisha kwa kununuliwa, wakaanza kwisha kwa kuibwa. Asubuhi moja punda wawili wa jirani walikutwa korongoni wamechunwa, nyama imeachwa kwa mafisi. Babu akaanza kumlaza Chausiku jikoni. Bibi alilalamika wiki ya kwanza, wiki ya pili akawa anamfukuzia kuku.

Kilichofuata nilikiona mwenyewe, Desemba ile, kwenye njia ya kisima. Mke wa yule jirani, mama wa watoto watano, alikuwa ameacha kubeba maji kichwani tangu waliponunua punda wao wa kwanza. Sasa alirudi na ndoo ya lita 20. Binti yake mkubwa alikuwa na ndoo nyingine. Madumu waliyokuwa wakiyaleta kwa safari moja sasa yalihitaji safari tatu, na binti alikuwa darasa la sita. Nilisoma juu ya wapagazi miaka kadhaa baadaye, chuoni, kwenye meza ya maktaba yenye kiyoyozi, na kila nilipokutana na sentensi isemayo kwamba wanyama walikufa na jeshi likawatumia watu, niliiona njia ile ya kisima.

Kenya ilitangaza kupiga marufuku uchinjaji mwaka 2020, na wenye machinjio wakaenda mahakamani. Desemba 2022 mkutano wa Afrika nzima kuhusu punda ulikaa hapa Dar es Salaam. Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika, wakiwa Addis Ababa, walikubaliana kusitisha biashara ya kuchinja punda kwa ajili ya ngozi kwa miaka 15. Wizi umepungua Mpwapwa, ingawa haujaisha. Punda wa kununua bado ni ghali, na familia zilizobaki bila punda nyingi bado ziko hivyo.

Huko Unguja mbung'o walitokomezwa mwaka 1997, kwa kuachia kutoka angani mamilioni ya madume yaliyofanywa tasa, waliozalishwa Tanga. Ng'ombe wa maziwa na wa kulima wakastawi. Inawezekana siku moja mwambao wote ukawa hivyo. Mbezi yenyewe vichaka vyake vilishakuwa viwanja na mbung'o wake wamekwenda na vichaka. Nzi si kisingizio tena hapa. Nimemuuliza mwenye mikokoteni mmoja pale nyuma ya stendi, anayeikodisha kwa siku, kama amewahi kufikiria punda. Alicheka kwanza, kisha akapiga hesabu kwa sauti: majani hamna, pa kumlaza hamna, na punda anakula hata siku asiyofanya kazi.

"Kijana asipofanya kazi," aliniambia, "anakula kwake."

Gari la Babu sasa linakokotwa na dume aliyezaliwa na Chausiku, kijana mwenye nguvu na woga wa vivuli. Mkanda wa kifua ni uleule, umeongezewa matundu upande wa pili. Chausiku yeye hafungwi kitu. Lakini asubuhi ya kwenda kisimani lazima afunguliwe atangulie mbele, polepole kama anavyotaka, maana asipotangulia dume hatoki zizini, hata umfanye nini.